Kabati la Gemu la Soni na Spika Iliyovuma

Jumanne, tarehe nane Julai. Ukungu umelala juu ya Lushoto tangu alfajiri. Manyunyu yamekuja na kuondoka, yakarudi tena kama mgeni aliyesahau fimbo. Jua limechungulia mara moja tu, likaona baridi, likarudi ndani.

Vijana wangu mnaojifunza ufundi wa redio na spika, mimi nimestaafu. Kwa fundi wa huku mlimani kustaafu maana yake watu wanaendelea kukuletea kazi zilezile, ila sasa wanaanza na "najua umepumzika, mzee wetu." Binti yangu Rehema kanishauri niandike ninayoyakumbuka kabla sijayasahau. Sina hakika kama naandika sawasawa. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilisukumwa. Mkikuta neno limekaa upande, lisogezeni wenyewe.

Nilitaka nianze na ujana wangu, lakini jambo la jana na leo bado lina moto, basi naanza na hilo.

Pale Soni mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, ana mgahawa wa chai na maandazi. Pembeni ya mlango wa mgahawa imesimama mashine ya gemu ya kizamani, kimo chake sawa na kabati la nguo, skrini yake nene kama televisheni za zamani, ina kirungu kimoja cha kuchezea na vitufe viwili. Ndani yake kuna kindege kinachopiga mawe yanayodondoka kutoka mbinguni. Basi, ni hilo tu. Mawe hayaishi na kindege hakifiki kokote, kama baadhi ya vikao ninavyovijua. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la mboga. Aliipata Tanga, hoteli moja ilipokuwa inafungwa, akaipandisha mlimani chini ya turubai badala ya kurudi na lori tupu. Nyumbani tunaiita Kabati.

Kila tulipokwenda kuwasalimia, mke wangu Mama Rehema na baba yake walisimama mbele ya Kabati wakicheza na kugombana kama watoto, mama mzima na mzee mzima. Mzee alikuwa na mazoea ya kuegemeza kiganja upande wa kushoto, mpaka rangi ya mbao ikalika pale. Alipofariki, Mama Rehema hakuomba kitu chochote cha urithi. Alichosema ni, "Kabati libaki lilipo." Likabaki.

Mwezi uliopita Kabati likaanza kuvuma. Spika yake ilitoa kelele zzzz, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mara inakuja, mara inakata, mara inakuja tena. Wateja wakaanza kuchukua chai yao na kuvuka barabara kwenda kwa jirani mwenye televisheni. Bi Mwanaidi si mtu wa kulalamika. Yeye hutoa hukumu.

"Kufikia soko la Jumanne," akamwambia mke wangu, "linyamaze au lipasuliwe."

Shemeji yangu Athumani, kaka wa mke wangu, ni seremala. Hakungoja kusikia mara mbili. Alikuja na futi na penseli, akachora mistari juu ya Kabati tayari kwa msumeno. Niseme kwa haki: Athumani ni seremala mzuri, kitanda ninacholalia ni kazi ya mkono wake na hakijawahi kulia. Ila mstari wake mmoja ulipita katikati ya pale palipolika kwa kiganja cha marehemu. Mama Rehema aliuona. Akaenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

"Shemeji," nikamuuliza Athumani, "mbao hizi unazitakia nini?"

"Banda la vifaranga."

"Vifaranga vya nani?"

"Mama ana mipango," akasema, akaichomeka penseli sikioni. "Wewe shughulika na nyuki wako. Ukishindwa, nitakuachia kile kirungu ukafanye mwiko."

Hapo ningekuwa fundi mwenye akili ningejiuliza ni mipango gani hiyo. Sikujiuliza. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha ujuzi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Mwalimu wangu Fundi Mbwana, aliyenifundisha pale sokoni Lushoto wakati redio zilikuwa na uzito wa mbuzi, alikuwa akisema kelele ni mgeni: usimpige, muulize katokea wapi. Swali la kwanza unaliuliza kwa kitufe cha sauti. Punguza mpaka mwisho. Kelele ikipungua pamoja na sauti, basi inaingia kabla ya kile kitufe. Ikibaki vilevile, inaingia baada yake, kwenye amplifaya au kwenye umeme unaoilisha. Mimi nikapunguza. Ikabaki vilevile, zzzz.

Swali la pili ni la sikio. Kuna kelele ya mmmm, nzito na laini, kama ng'ombe aliyeshiba. Hiyo mara nyingi ni kapasita kubwa za kuchuja umeme zimezeeka na kukauka. Kuna na kelele ya zzzz, kali, yenye meno. Hiyo aghalabu inatoka nje, kwenye kitu kingine kinachochafua umeme. Haya nimewafundisha vijana wengi, nikiwagonga kichwani kwa ncha ya bisibisi. Na pale Soni, mimi mwenyewe, nikisikia zzzz kwa masikio yangu mawili, nikasema mbele ya mgahawa mzima, "Hii ni kapasita."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu kapasita nilikuwa nazo mfukoni. Fundi mwenye nyundo huona misumari, na mwenye kapasita mfukoni husikia mmmm hata pasipo na mmmm.

Nikachomoa waya, nikangoja, nikaondoa umeme uliolala nyuma ya skrini. Ile skrini ya kizamani, vijana, hukaa na umeme tumboni hata baada ya kuchomolewa. Iliwahi kunirusha nikaangukia gunia la viazi. Msiniamini katika mengine, katika hilo niaminini. Nikabadilisha kapasita. Nikawasha.

Zzzz.

"Imebadilika," akasema Athumani kutoka kwenye meza yake ya chai. "Sasa inavuma kwa afya njema."

Nikaibeba bodi ya sauti na spika yake mpaka kwangu Lushoto. Nilipoiwasha ikanyamaza kama mtoto aliyelala. Nikairudisha Soni, ikavuma. Nikaipeleka tena, ikanyamaza. Kondakta wa basi akaniuliza kama nampeleka mgonjwa hospitali. Nikamwambia ndiyo, ila mgonjwa akimwona daktari anapona, na akirudi kwao anaugua.

Nilianza kujitilia shaka, na mimi kwa shaka sihitaji kusukumwa sana. Nikakumbuka safari ya Mtae zamani. Nilipanda ile njia ndefu yenye mawe kwenda kutengeneza redio ya mwalimu mmoja iliyokuwa ikikwaruza. Nikaifumua yote juu ya meza yake, kumbe mjusi alikuwa amekaukia ndani, mkia wake unagusa karatasi ya spika. Mwalimu alinipa chai, akanisifu sana. Nilitaka kumwambia kwamba kazi ile angeweza kuifanya paka.

Nikakumbuka na kwaya moja kule Magamba. Amplifaya yao ilivuma kila siku isipokuwa mwalimu wa kwaya akishika kipaza sauti. Akishika, kimya. Akiachia, kelele inarudi. Watu wakaanza kusema ana upako. Yeye mwenyewe hakukanusha kwa nguvu sana. Kumbe waya wa kwenda ardhini, ule mafundi tunauita ethi, ulikuwa umekatika, na mwili wa mwalimu ndio uliokuwa ukifanya kazi ya waya. Nilipounga ethi upako ukatoka, na mwalimu hakunisalimia mpaka Pasaka. Nilimwelewa.

Hayo mawili yakanirudisha kwenye akili. Jana Jumatatu asubuhi, soko likiwa kesho yake, nikashuka Soni na Mama Rehema, nikiwa na kidude kimoja tu: redio yangu ndogo ya betri.

Hii ni mbinu ya bure, ichukueni. Weka redio masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, halafu tembea nayo taratibu. Kitu kinachochafua umeme kitapiga kelele ndani ya redio, na kadiri unavyokikaribia ndivyo kinavyopiga kwa nguvu. Nikaanzia kwa Kabati. Zzzz kidogo. Nikafuata ukuta. Zzzz kubwa zaidi. Nikapita jikoni, nikaingia ukumbi wa nyuma, redio imenyooshwa mbele kama mtu anayemtafuta mbuzi gizani kwa kibatari, kumbe ni saa nne asubuhi. Kelele ikazidi, ikazidi, ikawa inaumiza sikio. Nikainua macho.

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala cha mama mkwe wangu.

Ninyi wa siku hizi mnakaa na mama mkwe kochi moja mkimwonyesha picha kwenye simu. Sisi wengine tulilelewa kwamba mkwe akipita njiani unampisha, na chumba chake hakipo duniani. Katika ndoa yangu yote sijawahi kuona hata rangi ya ukuta wake. Kuna pazia la maua mekundu, na kwangu mimi dunia inaishia kwenye pazia lile.

"Baba Rehema," ikasema sauti nyuma yangu. "Kuna habari gani mlangoni kwangu?"

Nikageuka. Redio ikaendelea kupiga kelele mkononi, haina adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Asubuhi si ulinisalimia?"

"Nasalimia tena, mama."

Akanitazama, akaitazama redio, kisha akamwita binti yake. Toka hapo hakuzungumza na mimi tena. Alizungumza na Mama Rehema, na mimi nilikuwa mita moja kutoka kwao.

"Muulize mwenzio anatafuta nini."

"Anatafuta kelele, mama," akasema mke wangu. "Chumbani kuna kitu gani kinachotumia umeme?"

"Kitanda."

"Kitanda hakitumii umeme, mama."

"Basi taa."

"Taa mchana?"

Bi Mwanaidi akafungua mdomo kujibu, na hapohapo redio ikanyamaza. Kule mbele, kwenye mgahawa, Kabati nalo likanyamaza, papo hapo. Tukasimama wote watatu tukisikiliza kimya. Tukasikia *tik* nyuma ya pazia. Redio, zzzz. Kabati, zzzz.

"Mama," akasema Mama Rehema polepole.

Mama akashika kiuno, akaingia kwenye Kishambaa, akasema kwa sauti ya chini kama anayetoa siri ya nchi. Chini ya kitanda, amefunika kwa khanga, kuna mashine ya kutotoleshea vifaranga. Sanduku lenye balbu, na kidude cha kupunguza na kuongeza mwanga, kinachojiwasha na kujizima chenyewe, ili mayai yasipate baridi wala yasiive. Imebakia siku chache mayai yaanguliwe. Ni Athumani pekee aliyejua.

"Sasa mbona hukusema?" akauliza Mama Rehema.

"Mayai yanatangazwa? Jicho la mtu halibishi hodi."

Siwezi kumlaumu. Kwa haki kabisa, kama ningekuwa na mayai nami nisingemwambia mtu, hasa mtu mwenye domo kama langu. Kidude kile cha kupunguza mwanga hukatakata umeme vipande vipande, na vile vipande ndivyo vilivyokuwa na meno. Kabati lilikuwa limeungwa waya kutoka soketi ya chumba hicho, na halikuwa na ethi hata ya kusingizia. Kwa hiyo kila balbu zikiwaka, Kabati lilikula uchafu wote. Na kwa baridi hii ya Julai balbu zilikuwa zinawaka sana. Ndiyo maana kelele ilizidi mwezi huu. Dalili zote ziliniambia, nami nikabadilisha kapasita.

Athumani akaingia ukumbini na msumeno begani. "Kazi imekwisha?"

"Imejulikana," nikasema.

"Kujulikana si kwisha, shemeji. Mama, nikate?"

Hapo ndipo pagumu. Ukizima sanduku, mayai yanakufa. Ukiacha sanduku, Kabati linavuma, na neno la mama limeshatoka mbele ya watu. Bi Mwanaidi hajawahi kurudisha neno, hata lile la kukataa nisimuoe binti yake hakulirudisha. Alichoka tu kulisema. Mimi kama mkwe sina ruhusa ya kumwomba abadili. Nikatazama sakafu.

Mama Rehema akasema, "Mama, mayai yako yakae. Na baba naye akae. Nyumba hii imewahi kubeba watu wengi kuliko hao."

Bi Mwanaidi akamtazama Athumani, kisha msumeno.

"Nilisema kufikia soko linyamaze au lipasuliwe," akasema. "Soko ni kesho. Likinyamaza leo, nani ana shida naye?"

Dawa niliijua: kulipatia Kabati waya wake peke yake kutoka mein swichi, ile swichi kubwa ya nyumba nzima, na kulipatia ethi. Nikauliza mein swichi iko wapi, kwa kupitia mke wangu.

"Ukutani," mama akamjibu, "juu ya kitanda changu."

Athumani alicheka mpaka akauweka msumeno chini. Nikamwomba aingie yeye afunge. Akasema yeye na umeme hawajawahi kupatana, ana mke na watoto. Hofu ya umeme ni akili.

Basi tukafanya hivi, na sijui kama imewahi kufanywa mahali pengine. Mimi nilisimama nje uani, chini ya dirisha la chumba, pazia limefungwa, uso nimeuelekeza kwenye shamba la kabichi la jirani. Mama Rehema alikuwa ndani na bisibisi yangu. Mama mkwe alikaa kitandani, kazi yake ni kuyakinga mayai kwa blanketi lake na chupa za maji ya moto wakati umeme umezimwa.

"Umezima swichi kubwa?"

"Nimezima."

"Pima kwa testa."

"Nimepima. Haiwaki."

"Waya mbili nene zinazotoka kwenye mita usiziguse hata kwa kijiti. Hizo hazizimwi na swichi yako."

"Najua. Ulimwambia hivyo yule mwanafunzi wako wa Mlalo kila siku mpaka akahama."

Nikasikia sauti ya mama ndani: "Mwambie mwenzio aharakishe, chupa zinapoa."

"Anayefanya ni mimi, mama, si yeye."

"Basi mwambie aharakishe kukuambia."

Sikumfundisha kitu, hilo nataka lieleweke. Kila nilipofungua mdomo alikuwa ameshafika. Kumbe miaka yote aliyokaa karakana kwangu akininyooshea bisibisi, alikuwa anatazama bisibisi inakwenda wapi. Mimi nilidhani anatazama kama nimechafua shati. Athumani yeye alivuta waya darini na kupigilia fimbo ya ethi uani, pale wanapofulia nguo, maana udongo wenye maji hupitisha vizuri. Alipigilia vizuri sana, niandike na hilo. Na wenye leseni msinikasirikie: nimeshamwita fundi wa umeme aje apitie kila kitu. Kazi ya mein swichi ina wenyewe, vijana, msiige kwa sababu mzee fulani aliandika.

"Washa," nikasema.

*Tik.* Mama akasema balbu za mayai zinawaka. Tukakimbilia mgahawani wote, hata mama, kwa mwendo wake wa heshima. Kabati likawaka. Kindege kikatokea. Spika... Sitadanganya. Ukiweka sikio kabisa utasikia kitu kidogo, kama mtu anayekoroma nyumba ya tatu. Ukikaa mezani na chai yako husikii kitu.

Bi Mwanaidi akasikiliza muda mrefu. Kisha akachukua kitambaa cha kufutia meza, akakilowesha, akafuta mistari ya penseli ya Athumani mmoja baada ya mwingine. Alipofika pale palipolika kwa kiganja, alifuta taratibu zaidi, na alikaa hapo muda mrefu kuliko mstari wenyewe ulivyohitaji.

"Sasa vifaranga vitakaa wapi?" akauliza Athumani.

"Wewe si seremala? Mbao zimejaa Magamba."

Mama Rehema akasimama mbele ya Kabati, akashika kirungu. Mawe yakaanza kudondoka. Alipigwa mapema sana, akaguna vilevile alivyokuwa akiguna zamani, akigeuka kidogo kushoto, kama mtu anayetafuta wa kumlaumu. Halafu akaanza upya.

Leo soko lilikuwa limejaa, na mgahawa nao umejaa, hivyo nimeambiwa. Mimi sikushuka, mgongo ulikataa. Mama Rehema alikwenda, akarudi jioni na salamu mbili. Ya kwanza: mama anasema asante. Ya pili: mama anasema nisisimame tena mlangoni kwake na redio. Alirudi pia na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

Usiku huu tumekula ugali, mnavu, na kuku wa mama mkwe aliyepikwa kwa nazi. Ndani ya sufuria mama alikuwa ameiacha firigisi nzima, ambayo kwetu kila mtu anajua ni ya baba wa nyumba. Nimeitazama. Nimekumbuka nilikokuwa nimesimama jana, na aliyekuwa ameshika bisibisi. Nikaichukua, nikaiweka kwenye sahani ya Mama Rehema. Ameila bila kuniuliza kitu.